Chini Yetu Kuna Misri

Baba alikuwa na dunia nzima, mapazia manne ya marekani
yaliyoning'inia kwenye bomba la chuma ukutani mwa studio,
Birere, mlango wa tatu kutoka kwa muuza matairi.
Unataka Paris? Vuta kamba ya kushoto.
Misri? Subiri kwanza, panya wamekula ncha ya piramidi ya pili.
Simama hapa, kichwa chako kitaziba.

Mchoraji, Bisimwa wa Bukavu, hakuwa amevuka hata Rusizi.
Mnara wa Paris aliutoa kwenye kopo la biskuti,
na kwa kuwa kopo lilikuwa limebonyea
mnara ulipinda mguu wa kulia
kama mtu anayepumzisha goti.
Ukuta wa China aliupitisha katikati ya mashamba ya viazi;
milima ile ni ya Masisi, naijua, hata ng'ombe wapo.
Na nyuma ya lile kuba jeupe la Wahindi akatia ziwa.
Baba akamwuliza, huko kuna ziwa?
Akajibu bila kuinua brashi:
mji usio na ziwa, watu wake wanafulia wapi?

Kazi yangu ilikuwa kushika shuka jeupe, mwanga urudi usoni.
Miaka tisa, mikono ikitetemeka,
nilimwona Kavira muuza makaa akiingia Misri na madeni yake yote,
amevaa koti la baba lililobanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo.
Nilimwona Muhindo na mchumba wake wakigombana Paris
kwa sababu ya mbuzi mmoja wa mahari.
Nilimwona askari, kijana tu, akichagua China.
Aliegemeza bunduki nje ya picha,
akalipia nakala mbili,
hakurudi kuzichukua.
Zilikaa dirishani mpaka jua likamla uso.

Januari ile mlima ulishuka mjini bila kubisha hodi.
Baba aliokoa kamera, cherehani ya mama, na mimi,
sijawahi kuuliza kwa mpangilio gani.
Mapazia yalibaki yakining'inia.

Tuliporudi kutoka Gisenyi, soli zikinuka mpira wa kuungua,
hapakuwa na mtaa. Palikuwa na mwamba mweusi
unaotoa mvuke kama sufuria iliyofunikwa vibaya.
Muuza matairi alikuwa akilia kwa sauti,
akitaja saizi za matairi yake moja moja.
Baba alihesabu hatua kutoka nguzo ya umeme iliyosalia,
akakosea, akarudi, akahesabu tena,
kisha akapiga kisigino chini.
Hapa, akasema. Chini yetu kuna Misri.

Siku hizi wageni wanakuja na kamera zenye midomo mirefu.
Wanaupiga mwamba, wanaupiga mlima,
wanalipiga chukudu lenye shehena ya kabichi
na mwenye chukudu anawatukana kwa Kinande, wanatabasamu.
Mmoja aliniomba nimpige picha amesimama juu ya jiwe,
mikono ameitandaza kana kwamba yeye ndiye aliyelimwaga.
Nilimwambia asogee kushoto.
Kidogo tena.
Hapo.
Hakuuliza kwa nini hapo.

Na juzi Muhindo, yule wa mbuzi, ametuma picha kwenye simu.
Yuko Paris yenyewe, na kofia ya sufu, mvua inanyesha.
Ameandika: Mzee, nimeuzunguka mara mbili,
mguu wake umenyooka, nimesikitika kidogo.

Macho ya baba hayaoni vizuri tena.
Aliisogeza simu mpaka ikagusa pua,
akautazama ule mnara kwa muda mfupi sana,
akamtazama Muhindo kwa muda mrefu.
Kisha akanirudishia, ameudhika kweli:
Ona uso wa mtoto wa watu ulivyozama gizani.
Huko kwao hakuna hata mtu
wa kushika shuka?